Mshale wa Mjapani na programu yangu

Nimekuwa kimya hapa kwa muda mrefu na sababu ni gari. Wale wanaokuja kusoma mambo ya tarakilishi wanivumilie kidogo, maana programu imo katika hadithi hii, na mdudu yumo ndani ya programu, na mdudu huyo nilimfuga mwenyewe.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z la mwaka 1972. Kwa vijana wasiolijua, hii ndiyo aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, kisha ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mwaka huo wa 1973 mjomba wangu alikuwa kijana wa miaka 17. Alisimama kando ya barabara akapakwa vumbi kutoka kichwani hadi miguuni, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari ya gari jingine. Lake alilipata 1984, la mkono wa pili, akaliendesha mpaka macho yake yalipoanza kuingia ukungu. 2021 akanikabidhi funguo. Sharti lilikuwa moja tu: kila Jumapili nimpigie simu Nakuru nimweleze gari linaendeleaje.

Injini yake inaitwa L24. Silinda 6 kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, krankishafti imelala juu ya beringi 7. Ni injini ngumu kufa. Kwenye dashibodi kuna geji moja yenye mishale miwili, mmoja wa joto la maji na mwingine wa presha ya oili, na mtu yeyote mwenye 240Z atakuambia kwamba huo wa oili ni mwongo. Kihisi chake (mafundi wanasema sensa) huchoka, nyaya zake zina umri wa miaka hamsini, na mshale hupanda na kushuka unavyotaka. Nilipolichukua gari nilimwambia Mjomba hivyo hivyo, kwa majivuno ya mtu aliyesoma: geji yako hii ni mapambo tu. Hakunijibu.

Kabla sijaendelea, wacha nieleze presha ya oili ni nini, kwa sababu wengi huielewa kinyume. Pampu haitengenezi presha. Pampu husukuma oili tu, kiasi fulani kwa kila mzunguko. Presha huzaliwa pale oili inapokatazwa kupita kwa urahisi, yaani kwenye zile nafasi nyembamba kati ya krankishafti na beringi, ambazo ni sehemu chache za mia za milimita, pengine nusu ya unene wa unywele. Nafasi hizo zikipanuka kwa uchakavu, oili hutoroka kwa urahisi na presha hushuka. Na hutoroka kwa kasi ya kutisha, maana nafasi ikiongezeka maradufu, oili inayovuja huwa mara nane hivi. Joto nalo huifanya oili kuwa nyepesi, ndiyo maana gari lililochoka huonyesha presha nzuri asubuhi likiwa baridi na presha mbaya jioni kwenye foleni ya Waiyaki Way. Kuna kanuni ya wazee wa gereji: pauni 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 ya injini. Si sheria, lakini si mbaya.

Basi, kwa kuwa geji ilikuwa mwongo na mimi ni mtu wa programu, mnajua nilichofanya. Mwaka 2023 nilinunua Arduino, kioo kidogo cha kuonyesha namba, na kihisi kipya cha presha, kile kinachotoa volti 0.5 presha ikiwa sufuri na volti 4.5 ikifika pauni 100. Nikakifunga kwenye tundu lile lile la kihisi cha zamani kwa kiungo cha njia tatu, ili vyote viwili vinywe kisima kimoja. Hapo tayari nilijifunza jambo. Kiungo cha kwanza nilichonunua Kirinyaga Road kiliingia vizuri, kikakaza, halafu kikavuja. Kumbe Wajapani hutumia uzi wa Kiingereza wenye meno 28 kwa inchi, na nilichonunua kilikuwa cha Kimarekani, meno 27. Vinafanana kwa macho, vinaingiliana kwa mizunguko mitatu ya kwanza, kisha vinaanza kuharibiana. Nani kati yetu hajawahi kuunganisha mifumo miwili ya namna hiyo?

Programu ilikuwa fupi. Inasoma kihisi mara kumi kwa sekunde, inahesabu mizunguko ya injini kutoka kwenye koili, inaonyesha namba. Ilinisumbua kwa jambo moja. Magari ya zamani yana kelele nyingi ya umeme kutoka kwa plagi na nyaya zake, na injini ilipozunguka kwa kasi, namba zangu zilianza kurukaruka. 47, 46, 3, 47, 0, 45. Hakuna oili inayoanguka kutoka 46 hadi 3 na kurudi ndani ya sekunde moja. Nilijua ni kelele, na ilikuwa kelele kweli. Dawa yake ni waya wenye ngao na kapasita ya shilingi chache. Mimi nikaandika mstari mmoja:

kama presha < 25 na mizunguko > 2500, puuza

Yaani injini ikiwa kwenye kasi na namba ikija chini ya 25, programu iitupe, na kioo kiendelee kuonyesha namba nzuri ya mwisho. Kioo kikatulia kama maji ya mtungi. Nikafurahi sana, nikakipiga picha.

Pasaka ya 2024 Safari Rally ilikuwa Naivasha, kuanzia tarehe 28 hadi 31 Machi, nami nikasema gari hili halina haki ya kukaa nyumbani siku hizo. Kwenda hakukuwa na neno. Nilirudi Jumatatu alfajiri ili niikwepe foleni, nikapitia barabara ya chini, Mai Mahiu, halafu ule mpando wa kuelekea Kimende. Mnaujua. Malori yanatambaa, wewe unangoja nafasi, ukiipata unakanyaga gia ya tatu mpaka umpite mwenzako kabla ya kona. Nilikuwa nimekipita kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa Kiitaliano 1942 nilipoona mshale wa zamani umeanguka. Haukutetemeka. Ulishuka polepole, kama mtu anayekaa kwenye kiti. Nikatazama kioo changu: 46. Nikaachia mafuta, mshale ukapanda. Nikakanyaga kumpita lori la pili, mshale ukalala tena. Kioo: 46.

Sasa nawaambia nilichofikiri, na si kitu cha kujivunia. Nilifikiri, ‘maskini, hicho kihisi cha zamani sasa kimekufa kabisa.’ Nikaendelea kupanda. Kama dakika kumi hivi.

Kilichonisimamisha ni masikio. Karibu na juu, injini ilianza kugonga kwa sauti kavu upande wa valvu, tak tak tak, kama cherehani. Nikaegesha kando, nikazima, nikafungua boneti. Kijiti cha kupimia kilionyesha oili imejaa. Hakuna iliyovuja. Nilikaa pale kwenye baridi ya Kimende nikitazama ile 46 ikiwa bado kichwani mwangu, na ndipo nikajiuliza swali ambalo ningemuuliza kijana yeyote wa kazini siku yake ya kwanza: namba gani hii isiyotikisika kabisa, injini inapanda mlima? Haikwenda 45. Haikwenda 47. Kitu kilicho hai hakitulii hivyo.

Gari liliingia Nairobi likiwa mgongoni mwa lori. Jumapili iliyofuata Mjomba aliuliza gari linaendeleaje. Nikamwambia salama.

Fundi wake wa tangu zamani bado yuko, ana banda Industrial Area. Sitamtaja jina maana hapendi. Nilimweleza yote pamoja na habari ya programu. Alisikiliza akiwa ameinamia kikombe cha chai, halafu akauliza, “Kijana, hiyo yako inasema nini?” Nikamwambia 46. “Na ya Mjapani?” Nikamwambia ilianguka. “Basi tumwite shahidi wa tatu.”

Shahidi wa tatu ni geji ya kimakanika, ya mduara, haina umeme wala programu. Ndani yake mna bomba jembamba lililopindwa ambalo hujinyoosha kidogo likijazwa presha na kuusukuma mshale. Aliifunga kwenye lile tundu kwa mpira mrefu, akanipa kalamu niandike. Hakutaka kuwasha kwa muda mrefu, kwa hiyo tulifanya haraka: tuliipasha moto, tukasoma, tukazima. Namba ni hizi. Baridi, bila kukanyaga: 58. Moto, bila kukanyaga: 18. Mizunguko 2,000: 38. 3,000: 44. Hadi hapo unaweza kusema injini ni nzima. Ilipofika 3,500 mshale ukarudi 36 ukitetemeka. 4,000: 22. Alizima hapo hapo.

Nataka mzitazame namba hizo vizuri, kwa sababu jibu lote limo ndani yake. Beringi zikichakaa, presha huwa mbaya injini moto ikiwa haijakanyagwa, kisha hupanda kadiri unavyokanyaga. Valvu ya kupunguzia presha ikikwama wazi, presha huwa chini na inakataa kupanda. Kihisi kikiharibika, hakikubaliani na geji ya kimakanika. Lakini presha inayopanda vizuri hadi kasi fulani, halafu inashuka unapozidi kukanyaga? Hiyo ni pampu inayotaka oili nyingi kuliko inayofika kwake. Ina kiu. Kuna kitu kimeziba njia upande wa kunyonya, nayo inaanza kuvuta hewa na mapovu. Na mimi kwa miezi mingi nilikuwa nikiipima injini hiyo uani kwangu, moto, bila kukanyaga, nikiona 18 na kusema mambo ni sawa. “Kwangu inafanya kazi.” Mnaifahamu sentensi hiyo.

Mmoja wa marafiki zangu alinishauri nitie oili nzito zaidi. Ushauri huu utausikia kila mahali, na wakati mwingine hufanya mshale upande kweli: oili ya daraja la 30 kwa nyuzi 100 huwa na unato wa 9.3 hadi 12.5, ya daraja la 50 ni 16.3 hadi 21.9, kwa hiyo hutoroka polepole. Lakini kama shida ni kunyonya, umempa mwenye kiu uji badala ya maji. Tena gari langu lilikuwa tayari na 20W-50.

Fundi hakufungua injini kwanza. Alifungua filta. Aliikata kwa msumeno, akaitoa ile karatasi yake iliyokunjwakunjwa, akaikamua na kuitandaza juani kama nguo ya mtoto. Palikuwa na chembe chache zinazometameta. Alipitisha sumaku, hazikushika, naye akanyamaza. Chuma kingeshika, chembe za uso wa beringi hazishiki. Kisha akachukua ncha ya kisu akaokota kitu kingine, makombo mekundu laini kama ufutio uliosuguliwa. Akaniwekea kiganjani. “Hii ni nini?”

Niliijua hata kabla hajamaliza kuuliza. Desemba 2022 sampu ilikuwa ikivuja matone mawili matatu usiku, nami nikaifungua mwenyewe na kuirudisha kwa silikoni nyekundu. Niliipaka kama siagi kwenye mkate, maana nilitaka isivuje tena kamwe. Nilipokaza boliti, silikoni ilitoka nje pande zote, nami nikaipangusa kwa kitambaa nikaona kazi safi. Fundi alinieleza bila kunikemea, na hilo liliuma zaidi: “Uliyoiona nje, na ndani ilitoka hivyo hivyo. Ya ndani nani aliipangusa?”

Tuliinua injini kidogo, tukashusha sampu. Oili hunyonywa kupitia chujio la wavu lililo chini kabisa, na wavu huo ulikuwa umefunikwa na nyuzi nyekundu kama theluthi mbili. Vipande vidogo vilikuwa vimepita, vikasagwa na pampu na kuishia kwenye filta. Kilichobaki wazi kilitosha kulisha injini hadi mizunguko 3,000 hivi. Juu ya hapo, njaa.

Beringi za konrodi ndizo nilizoziogopa. Tulifungua kofia moja moja. Nne zilikuwa na mikwaruzo midogo. Ya tano ilikuwa imesuguliwa hadi rangi ya shaba ikaonekana. Ya sita nayo ilikuwa njiani kuelekea huko. Hizo ni zile dakika kumi za Kimende. Fundi alipitisha ukucha kwenye krankishafti pale palipokuwa na ile ya tano, akarudia mara tatu, ukucha haukukwama. Akaniambia nipitishe wangu. Sijui kama niliwahi kugusa kitu kwa uangalifu vile.

Beringi mpya zilichukua wiki tatu kufika. Tulipima nafasi kwa kile kiuzi cha plastiki kinachobanwa na kusomwa upana wake, zikawa sawa zote sita. Pampu tuliitoa tukaiosha pamoja na valvu yake, na hapa kuna onyo kwa wenye injini za L: mhimili unaozungusha pampu ndio huo huo unaozungusha distribyuta. Silinda ya kwanza ikiwa juu kabisa, ulimi wake lazima ukae kama mshale wa saa 5 na dakika 25, saa 11:25 kwa hesabu ya kizungu. Mara ya kwanza niliurudisha ukakosea jino moja na injini ikakataa katakata kuwaka. Sampu tuliifunga kwa gasketi ya kawaida, kavu, na katika pembe nne tu tone la silikoni dogo kama punje ya mchele.

Tulipima tena. Bila kukanyaga, moto: 20. 3,000: 47. 4,000: 54.

Halafu nikarudi kwenye programu. Nilikuwa nimeweka kumbukumbu kwenye kadi, na kwa bahati zile namba zilizotupwa nilikuwa nazihifadhi kwenye faili ya pembeni ambayo sikuwahi kuifungua. Niliifungua usiku huo. Zilikuwapo zote. Kelele ya umeme ilikuwapo, namba moja moja zilizotawanyika. Lakini tangu Agosti 2023 kulikuwa na mafungu, namba ishirini, thelathini kwa mfuatano, 24, 23, 21, 22, kila nilipokanyaga sana. Kelele haiji kwa mfuatano namna hiyo. Miezi saba gari lilikuwa likinieleza lina nini, na mimi ndiye niliyeliandikia mstari wa kulinyamazisha. Nimeufuta. Sasa kuna waya wenye ngao na kapasita, na namba ikikosekana kioo huonyesha vistari, si namba ya jana.

Jumapili nilimpigia Mjomba nikamweleza kila kitu, silikoni, mstari, zile dakika kumi, na ile “salama” niliyomwambia. Alikaa kimya kwa muda hadi nikafikiri simu imekatika. Kisha akauliza, “Mshale ulianguka mara ngapi?” Nikamwambia mara mbili niliyoona. “Ulipoachia mafuta ukapanda?” Ukapanda. “Basi si kihisi, mpwa wangu,” akasema. “Kihisi kibovu hakijui wewe unakanyaga.”

Mwezi uliofuata nilikwenda Nakuru kumchukua. Alitaka tushuke Naivasha na kurudi naye Nairobi kwa barabara ile ile. Alikaa kiti cha abiria, mikono juu ya magoti. Haoni tena mshale, kwa hiyo kila nilipokanyaga kumpita lori aliuliza, “Sasa?” Mara ya kwanza nilimsomea kioo changu. “Hapana,” akasema, “nisomee ule wa Mjapani.”

“Hamsini, Mjomba. Kama na mbili hivi.”